Nyufa za Miamba na Maji ya Kijiji

Mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu huduma ya visima virefu



Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Dodoma lipo shimo ambalo watu hulionyesha kwa kidole na kutikisa kichwa. Mtambo ulifika, ukanguruma siku mbili, vumbi la mawe likatanda juu ya miti, na mwisho wake likabaki bomba fupi lenye kifuniko cha chuma. Maji hayakupatikana. Hatua mia mbili kutoka hapo, katika kijiji hichohicho, kisima kingine kinatoa maji kiangazi na masika. Wananchi waliochanga fedha zao wana haki ya kuuliza sababu, na kwa kuwa mara nyingi hawapewi jibu, hujitungia la kwao: fundi alikosea, fedha zililiwa, au mahali pale pana mkosi. Pengine fundi alikosea kweli. Lakini hata fundi hodari aweza kukosa maji mahali ambapo jirani ameyapata, na sababu yake ni nyufa.

Mwamba unaobeba sehemu kubwa ya mkoa huu ni granaiti na miamba ya jamii yake, uliopoa na kugandamana chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Majabali yanayoonekana vilimani ni mwamba huohuo ulioachwa wazi baada ya udongo wa juu kuondoka. Mtu akivunja kipande cha jiwe hilo na kukiloweka usiku kucha, kisha akakipasua asubuhi, atakuta ndani ni kikavu. Mchanga wa mtoni huhifadhi maji katikati ya punje zake, na ndiyo maana kina mama huchimba visima vya mkono kwenye makorongo. Granaiti haina nafasi za namna hiyo. Maji ya ardhini katika nchi ya granaiti hukaa mahali pawili tu: katika tabaka la juu ambalo mvua, jua na mizizi vimelichakaza likawa kifusi na udongo, na katika nyufa zilizo chini ya tabaka hilo.

Nyufa zenyewe hazina asili moja. Nyingine zilitokea mwamba ulipopoa na kusinyaa. Nyingine zilitokana na mivuto mikubwa ya dunia, ileile iliyoipasua Afrika ya Mashariki na kufanya Bonde la Ufa. Hizi husimama wima na huweza kwenda kilomita nyingi kwa mstari ulionyooka. Nyingine tena zilitokea pale mzigo wa udongo na mawe ya juu ulipomomonyoka kwa muda mrefu, mwamba wa chini ukapumua na kupasuka katika tabaka zilizolala kama chapati zilizopangwa. Mchimba kisima hutamani zaidi mahali nyufa zilizosimama na nyufa zilizolala zinapokutana.

Upana wa ufa ni jambo linalowashangaza wengi. Maji yapitayo katika ufa hayaongezeki kwa kipimo kilekile cha upana wake. Msukumo wa maji ukiwa uleule, ufa wenye upana maradufu hupitisha maji mara 8. Ufa wenye upana mara 10 hupitisha maji mara 1,000. Kwa hiyo ufa mmoja wa milimeta 1 hupitisha maji sawa na nyufa 1,000 zenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimeta. Ndiyo maana visima viwili vilivyochimbwa katika mwamba mmoja, kwa kina kimoja na kwa mtambo mmoja, vinaweza kutofautiana kiasi hiki: kimoja kinatosheleza kijiji na shule, kingine hakijazi hata ndoo.

Swali hili limewashughulisha wachimbaji wa mafuta ya petroli kwa zaidi ya karne moja, na fedha walizotumia kulitafutia jibu zimewanufaisha hata watafutaji wa maji. Mwaka 1908, huko Masjed Soleyman, kusini-magharibi mwa Iran, mafuta yalibubujika kutoka katika mawe ya chokaa. Mengi ya mawe hayo ni magumu, na mafuta hupita ndani yake kwa shida sana. Nyufa ndizo zilizoyafikisha kisimani kwa wingi. Miaka 80 baadaye, mwaka 1988, jambo la ajabu zaidi lilionekana baharini, kusini-mashariki mwa Vietnam. Katika eneo la Bach Ho mafuta yalipatikana ndani ya granaiti, mwamba ambao vitabu vingi viliufundisha kuwa hauna mafuta. Yalikuwa yameingia katika nyufa zake kutoka kwenye miamba ya jirani, na granaiti hiyo ikawa chanzo kikubwa cha mafuta ya nchi ile.

Kampuni za mafuta zikaviendea vyuo vikuu. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, David Pollard na Atilla Aydin waliongoza kwa miaka mingi utafiti wa jinsi miamba inavyopasuka. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin lipo kundi jingine linaloshughulikia suala hilo. Kazi yao haifanyiki maabara peke yake. Kwa kuwa ufa ulio kilomita tatu chini ya ardhi hauonekani kwa macho, watafiti hupanda vilima ambako mwamba wa aina ileile umejitokeza juu, wakapima kwa futi na dira: ufa unaelekea wapi, una urefu gani, uko mbali kiasi gani na mwenzake. Kisha hukadiria yaliyo chini kutokana na yaliyo juu.

Jambo moja walilolichunguza sana ni kwamba si kila ufa unapitisha kitu. Nyingi zilizibwa zamani na madini yaliyoletwa na maji ya moto, kama ile mishipa myeupe inayoonekana katika majabali ya hapa, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huifuata. Watafiti wa Texas wameonyesha pia kwamba madini hayohayo yakiziba ufa nusunusu huacha vidaraja vidogo vinavyousaidia usifumbe. Kuona ufa kwenye jabali, kwa hiyo, hakutoshi kusema chini yake pana maji.

Jambo la pili linakigusa kijiji moja kwa moja. Shimo la kisima kirefu lina upana wa sentimita 15 hivi, nalo huenda chini wima. Nyufa nyingi zinazopitisha maji nazo zimesimama wima, na kati ya ufa na ufa zaweza kuwepo mita kadhaa. Shimo laweza kushuka mita 100 katikati ya nyufa mbili bila kuugusa hata mmoja. Wachimba mafuta hukabili tatizo hilo kwa kuupinda mtambo, shimo likalala na kuzikata nyufa nyingi kwa mkupuo. Mitambo inayochimba visima vya vijijini haifanyi hivyo. Kijiji hubaki na njia moja: kujua mstari wa nyufa kabla ya mtambo kufika.

Hiyo ndiyo kazi ya wapimaji wanaoonekana wakivuta nyaya na kupigilia vyuma ardhini kwa mstari. Hupitisha umeme ardhini na kupima jinsi ardhi inavyoukinza. Mwamba mzima huukinza sana, mwamba uliopasuka na kujaa maji huukinza kidogo. Kabla ya hapo hutazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakitafuta mistari iliyonyooka: korongo linalokwenda moja kwa moja pasipo sababu, au safu ya miti inayobaki na majani mabichi mwezi wa Septemba wakati mingine imekauka. Wazee wa kijiji huijua miti hiyo bila picha, na mpimaji mwenye busara huwauliza. Ikumbukwe kwamba udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri bila kutoa maji ya kutosha, hivyo upimaji hupunguza bahati nasibu lakini hauiondoi.

Baada ya upimaji huja kosa ambalo si la mwamba bali la watu. Alama imewekwa, mtambo umefika, ndipo mtu mwenye sauti anapotaka kisima kisogee kidogo: kiwe karibu na ofisi, kisiguse uzio wake, kisiingie shamba la ndugu yake. Mtambo ukisogezwa hatua 50 kutoka kwenye alama, fedha za upimaji zimetupwa, na huenda za uchimbaji zikafuata. Ugomvi wa kiwanja humalizwa katika mkutano wa kijiji kabla ya upimaji, siyo siku ya kuchimba.

Wapo pia wanaosema, shimo likikauka, basi lichimbwe zaidi. Katika granaiti ushauri huo husaidia mara chache. Nyufa zilizo wazi na zenye maji hupatikana zaidi katika mita 100 za mwanzo, mara nyingi chini kidogo ya tabaka lililochakaa. Zaidi ya hapo uzito wa mwamba huzibana na idadi yake hupungua. Granaiti ya Bach Ho ina nyufa wazi kilomita kadhaa chini ya ardhi, lakini historia yake ya mivunjiko ni nyingine, na mwenye kisima cha kijiji hana mfuko wa kampuni ya mafuta. Mara nyingi ni nafuu kusimamisha kazi na kuanza mahali pengine palipopimwa.

Siku maji yanapotoka hufuata shangwe, na hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Mwaka 1960 wanasayansi watatu wa Muungano wa Kisovyeti, Barenblatt, Zheltov na Kochina, walieleza kwa hesabu jambo ambalo wachimba mafuta walikuwa wakilipata kwa machungu: katika mwamba wenye nyufa, ufa ni njia na ghala liko kwingine. Kinachotoka kwanza ni kile kilichomo katika nyufa, nacho hutoka kwa kasi. Kisha kisima husubiri kile kinachochuruzika polepole kutoka katika mwamba unaozizunguka. Kwa visima vya hapa, ghala ni lile tabaka la juu lililochakaa. Kisima kinachotoa maji kwa nguvu saa mbili za kwanza kinaweza kulegea kabla ya kesho yake. Jaribio la pampu la saa chache halitoshi kuamua ukubwa wa pampu wala idadi ya vituo vya kuchotea. Saa 24 au zaidi, pamoja na kupima jinsi maji yanavyorudi baada ya pampu kuzimwa, ndizo zinazotoa picha ya kweli.

Ghala hilo nalo hujazwa na mvua, lakini si kila mvua. Katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kina cha maji ya visima kimepimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti wa University College London, pamoja na wataalamu wa sekta ya maji wa Tanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za bonde hilo. Walikuta kwamba kwa miaka mingi mfululizo maji hushuka tu, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida huyapandisha. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikuwa za namna hiyo. Maji yanayochotwa mwaka huu, kwa hiyo, yanaweza kuwa ya mvua iliyonyesha miaka mingi nyuma, na kumbukumbu za kina cha maji zinazoandikwa na jumuiya ya watumiaji maji zina thamani hata pale zinapoonekana kurudia tarakimu zilezile.

Njia inayopitisha maji ya mvua hupitisha na mengine. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha tafiti zake kuhusu maji ya miamba yenye nyufa ya Dodoma, na miongoni mwa matokeo yake ni kwamba naitreti nyingi iliyokutwa ndani ya maji ilihusiana na majitaka. Mchanga huchuja uchafu kwa kuupitisha polepole katikati ya punje zake. Ufa hauchuji. Choo kilicho mbali na kisima, lakini juu ya ufa uleule, kinaweza kuwa cha hatari kuliko choo kilicho karibu nje ya mstari huo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, na wanaodhurika kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo, kwani naitreti huinyima damu yao uwezo wa kubeba hewa. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki huwa nzito zaidi. Kwa sababu hiyo mpimaji wa kisima aulizwe maswali mawili, wapi pa kuchimba kisima na upande gani vyoo visijengwe, na majibu yote mawili yaandikwe.

Kila uchimbaji huwa na taarifa yake: kina kilichofikiwa, aina ya mwamba kwa kila mita chache, kina ambapo maji yaliingia, na matokeo ya jaribio la pampu. Nakala moja inapaswa kukaa katika ofisi ya kijiji, na mwananchi yeyote anaweza kuomba kuisoma. Taarifa ya shimo kavu itunzwe kwa uangalifu uleule, kwa kuwa humwonyesha mpimaji ajaye mahali ambapo mwamba ni mzima, na humwepusha kupoteza fedha za kijiji mara ya pili mahali palepale.

Na lile shimo kavu lenyewe lisiachwe wazi. Likikosa kifuniko, watoto hutumbukiza mawe, mifugo huchafua ukingo wake, na maji ya mvua huingiza kinyesi moja kwa moja hadi chini, pengine kwenye ufa mdogo unaolisha kisima kizuri cha jirani. Mkazi anayelijua shimo la namna hiyo katika kitongoji chake amweleze mtendaji wa kijiji, ili ofisi ya RUWASA ya wilaya ipate taarifa na shimo lizibwe kwa saruji kabla ya mvua za Desemba.