Tuanzie Sakafuni
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, juu ya vifaa vya choo na bafu)

 

Swali lenyewe mnalijua. Pesa za mzunguko zimemfikia mwenye zamu, naye anataka kutengeneza choo na bafu. Anunue nini kwanza? Wengi hujibu mabati mapya, mlango, na rangi ya ukutani, kwa sababu hivyo ndivyo mgeni anavyoviona. Mimi nasema sakafu. Ukuta wa udongo hauna neno. Lakini sakafu ya udongo inatugonjesha.

Chukueni safura. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakianguka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanaanguliwa, na vile vijidudu huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya nyayo. Funza naye hupenda vumbi. Jike akishaingia kidoleni, mayai yake hudondoka palepale tunapokaa na kulala. Halafu magogo ya choo. Magogo hayaoshwi, yanaloweshwa tu, na mchwa huyala kutoka chini ambako hakuna mtu anachungulia. Ndiyo maana mama hamruhusu mtoto kwenda chooni peke yake, na mtoto anamalizia haja yake nyuma ya nyumba. Tusimwite mtoto mkaidi. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Huko Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka wa 2000 kuwapa watu maskini simiti ya sakafu. Haikuwa nyumba mpya, ni simiti ya sakafu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba pale sakafu yote ya udongo ilipogeuzwa kuwa ya simiti, minyoo kwa watoto ilipungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Nasikia mtu anasema Meksiko ni mbali. Ni kweli, lakini minyoo haina uraia.

Sasa tuje kwa slabu ya choo. Kazi iliyofanywa Msumbiji tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilitupa slabu za bei nafuu ambazo kikundi kinaweza kutengeneza chenyewe. Iko ya mviringo, iliyoinuka kidogo katikati kama sahani iliyopinduliwa, na kwa sababu ya umbo hilo haihitaji chuma ndani. Hiyo hufunika shimo lote. Iko ndogo ya mraba, sentimita 60 kwa 60 na unene wa sentimita 5, ambayo huwekwa juu ya sakafu ya magogo mazima. Nimesema mazima! Usiweke slabu juu ya gogo lililoliwa, utakuwa umemtegea mtu mtego.

Tundu lisizidi upana wa sentimita 18, mtoto asipite. Pande mbili ziwe na mahali pa kukanyagia palipoinuka, na uso wote uteremke kidogo kuelekea kwenye tundu, ili maji ya kuoshea yasitulie. Kifuniko kibane vizuri, inzi asipate njia. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo darini ili mtu asianguke akafa. Naona tundu la choo liko chini ya amri hiyohiyo.

Mchanganyiko ni kipimo kimoja cha simiti, viwili vya mchanga na vitatu vya kokoto ndogo. Tumieni karai au debe moja kwa vyote, msipime kwa macho. Mfuko wa kilo 50 utatoa slabu ndogo kama sita. Simiti yenye mabonge magumu msinunue hata ikipunguzwa bei. Mchanga mjaribu kwa chupa: jaza nusu, ongeza maji, tikisa, uache mpaka kesho. Tope jembamba likikaa juu ya mchanga kwa unene mkubwa, huo mchanga uoshwe kwanza.

Na sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, kwa maana wana haraka ya kulipwa. Simiti haikauki kama nguo, inaiva, na inaiva kwa maji. Wakati wa kukoroga maji yawe kidogo, uji mwepesi hutoa slabu dhaifu. Lakini ikishashika, ifunikwe kwa magunia, iwekwe kivulini, na imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Ikianikwa juani itapasuka, na fundi atakuwa ameshaondoka. Kwa hivyo msimalizie fundi pesa zake kabla ya siku ya saba. Siku hiyo slabu iinuliwe juu ya mawe manne karibu na ardhi, na watu wazima wawili wasimame juu yake mbele ya kikundi.

Kwa bafu, mita 1.2 kwa 1.2 yatosha. Shindilieni mawe na kokoto, wekeni zege ya sentimita 5, yaani kama nusu mfuko wa simiti, kisha fundi asugue niru kwa mwiko zege ingali mbichi. Sakafu iteremke upande mmoja, na maji yaende kwenye shimo la mawe au migomba, si kwenye shimo la choo. Ukutani pigeni plasta mpaka kimo cha goti, kwa sababu maji ya kuoga hula udongo kuanzia chini. Juu ya hapo chokaa inatosha.

Vigae vya kung'aa? Kikongwe atateleza navyo. Vikibandikwa juu ya ardhi isiyoshindiliwa, vitabanduka mapema. Hiyo pesa ingetosha slabu za majirani.

Haya, tutoke nje. Fomu ya mbao iko tayari chini ya mwembe na simiti ipo. Vijana wawili wachukue karai, na kila kikundi kitoe mtu mmoja wa kushika mwiko.