Haki ya Aliyetahiriwa Ukubwani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad s.a.w., na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika nchi ya Rwanda kutahiri hakukuwa desturi ya wenyeji walio wengi. Kulienea pamoja na Uislamu, ulioingia na wafanya biashara na askari wenye kusema Kiswahili. Hata neno la Kinyarwanda la kutahiriwa, yaani kwisiramuza, limetokana na jina la dini hii. Neno hilo lina heshima yake na lina hatari yake. Heshima ni kuwa majirani waliujua usafi huu kwa mlango wa Waislamu. Hatari ni kuwa wengi wamedhani mtu husilimu kwa kisu.

Kusilimu ni kwa shahada. Kutahiriwa ni wajibu katika madhehebu ya Imam Shafii, na ni sunna kwa Imam Malik na Imam Abu Hanifa. Wala hapana hata mmoja wao aliyesema kuwa shahada haisihi bila ya kisu. Basi mtu mzima aliyesilimu jioni asiburutwe kwa ngariba asubuhi. Aoge kwanza josho lake la kusilimu, afundishwe sala, kisha aende hospitali kwa utulivu. Mwenye kisukari, au ambaye damu yake haigandi upesi, amwambie daktari mapema. Na anayehofiwa kudhurika hungojewa mpaka apate nguvu. Wala ukubwa si aibu: Nabii Ibrahim a.s. alijitahiri naye ana miaka 80.

Lakini jambo zito zaidi ni yale yajayo baada ya kisu. Mtoto akitahiriwa, nyumba nzima humwuguza. Mtu mzima aliyesilimu aghalabu hana wa kumwuguza. Jamaa zake wa damu huenda wamemsusa. Ndugu zake wapya wamempa kanzu na kofia, wakaenda zao. Siku ya tatu amekwisha panda baiskeli kutafuta riziki, na kidonda kimefumuka. Naye huona haya kusema. Wahenga wamesema: mficha uchi hazai.

Yampasa basi ajue yaliyo ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Uvimbe kidogo na maumivu ya siku za mwanzo ni kawaida, na dawa ya maumivu aliyopewa hutosha. Apumzike siku mbili tatu, avae nguo ya ndani yenye kubana kiasi, uume ukielekezwa juu upande wa kitovu. Kazi nzito na baiskeli aziache mpaka daktari amruhusu. Bendeji isilowe, na iondolewe siku aliyoambiwa. Asubuhi akiamka na uume umesimama, asitishike. Ainuke akakojoe, utatulia. Majivu, majani na samadi visiguse kidonda kabisa, kwani humo hukaa vijidudu vya pepopunda, maradhi yauayo. Na kabla ya kukatwa aulize habari ya chanjo yake. Lakini damu ikipenya bendeji bila kukoma, au usaha ukatoka, au homa ikapanda, au uvimbe ukazidi kila siku, au mkojo ukazuilika, au taya zikakaza, arudi hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.

Na sala je? Haimwondokei, lakini imefanywa nyepesi. Kidonda hiki hakimo katika viungo vya udhu, basi udhu wake ni kama wa kila mtu. Ikiwa maji yamekatazwa mahali pale, atastanji kwa karatasi safi kavu mpaka patakasike. Akiota usiku na josho likampasa, ataosha mwili ulio mzima, atapangusa juu ya bendeji, na atatayamamu kwa ajili ya pale pasipofikiwa na maji. Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake walimwambia kuwa hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume s.a.w. alipopata habari aliwalaumu sana, akasema kuwa wao ndio waliomwua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Limebaki jambo la ndoa. Mafundisho ya matabibu ni kwamba mume ajizuie muda wa wiki 6 kamili. Huenda ngozi ikaonekana imeshikana baada ya wiki 3, kumbe bado ni laini. Ikichubuka huwa mlango wa maradhi, kwa mume na kwa mke pia. Uchunguzi uliofanywa Rakai katika Uganda na Kisumu katika Kenya, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kutahiriwa humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi kwa kadiri ya nusu au kuzidi. Kupunguza si kuondoa; na kinga hiyo si ya mwenye kidonda kibichi. Kwa hiyo mke aambiwe tangu kabla ya siku ya kisu, ili asubiri kwa kujua, asije akadhani amechukiwa.

Enyi viongozi wa jumuiya na jamaa wa misikiti, mgonjwa huyu ana haki juu ya kila aliyeitikia takbiri siku aliyosilimu. Achaguliwe mtu mmoja mwenye siri wa kumsindikiza hospitali na kumrudisha siku za kutazamwa kidonda. Apelekewe chakula siku asizoweza kazi. Aulizwe hali yake faraghani, pasina mzaha. Kutoa kanzu ni wema wa siku moja. Kumwuguza ndugu mpaka apone ndio udugu wenyewe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wote, na aitie rehema mioyo ya Waislamu. Amin.