Tafadhali Punguzeni Sauti, Watu Wanazungumza

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Msalato)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyachora majina yetu: mbukwenyi!

Naona waliokaa nyuma wameitika vizuri. Wa mbele, ambao wengi wamekwisha kuwa wakubwa wa ofisi, wataitika baada ya kupata kibali.

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya maisha ya mpiga muziki. Katibu aliponiletea barua alinitahadharisha nisizidishe muda, kwa kuwa chakula kitakuwa tayari saa saba kamili. Sikukasirika hata kidogo. Kwa miaka zaidi ya arobaini nimekuwa nikiambiwa maneno hayo hayo: "Pigeni, lakini chakula kikifika mnyamaze."

Kwa wale wasionifahamu, nilimaliza kidato cha nne mwaka 1976. Miaka mitatu kabla ya hapo, yaani mwaka 1973, TANU ilikuwa imeamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na sisi vijana wa hapa tukaamini kwamba makao makuu yakihamia, na dansi nalo litahamia. Isitoshe, tulikuwa na sababu ya kujivuna. Patrick Balisidya, kiongozi wa Afro 70, alizaliwa Mvumi, hapo hapo kwetu. Tukasema: ikiwa Mvumi imeweza, sisi tumeshindwa nini? Basi tukakusanyana vijana sita, tukaazima magitaa, tukaanza kupiga kwenye harusi na sherehe za mjini Dodoma.

Ndipo nilipokutana na kiumbe aitwaye mteja.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara mwenye heshima zake, aliyekuwa akimwoza binti. Nilimtajia bei. Akatuita wote sita, akatupanga mstari kama gwaride, akatukagua mmoja mmoja. Kisha akaniambia: "Kijana, nyimbo zenu ni nzuri, lakini wimbo mmoja unahitaji watu sita wa nini? Nileteeni watatu, nitalipa nusu." Nikamweleza kwamba kila mmoja ana kazi yake. Akamnyoshea kidole mpiga besi: "Huyu nimemtazama sana. Gitaa lake lina nyuzi nne, la mwenzake lina sita. Kwa nini walipwe sawasawa?"

Ndugu zangu, mimi nilisoma hesabu katika shule hii, lakini swali lile sikuweza kulijibu. Tulikwenda wote sita, tukalipwa watu wanne na nusu. Hiyo nusu mpaka leo tunabishana ni nani.

Harusini kwenyewe ndiko kwenye vituko. Wimbo wa Balisidya uitwao "Harusi" ulitupatia riziki, na ulitupatia adha vile vile. Usiku mmoja tuliupiga mara tano, kwa maombi ya baba mzazi, mama mzazi, shangazi, mjomba na dereva wa lori. Tulipomaliza mara ya tano, jasho likitutiririka, mzee mmoja akaja jukwaani taratibu, akaniinamia sikioni: "Samahani, bwana mdogo. Ule wimbo wa 'Harusi' mnaujua?"

Hali kadhalika wapo waombaji wasiojua wanachokiomba. Huja mtu, amekwisha kuburudika, akasema: "Nipigieni ule wimbo wa yule jamaa." Unamwuliza: jamaa gani? "Yule wa redioni." Wimbo wenyewe unasemaje? Anafikiri kwa muda mrefu, kisha anakujibu kwa uhakika kabisa: "Una gitaa."

Na katikati ya yote hayo mwongoza sherehe anashika kipaza sauti chetu, ambacho tumekikodi kwa fedha zetu, anatangaza: "Wapiga muziki, tafadhali punguzeni sauti, watu wanazungumza." Tunapunguza. Mara anatokea mjomba wa bwana harusi, amefura: "Mbona hamsikiki? Tumewalipa mnong'one?" Tunaongeza. Kwa hiyo mwenzetu mmoja akapewa kazi ya kukaa kando ya kikuza sauti, kuzungusha kitasa huku na huku kwa kadiri ya ukubwa wa mtu aliyekuja kulalamika. Huyo ndiye aliyechoka kuliko sisi wote.

Kikuza sauti kile kilipokufa, bendi ikafa nayo. Kila mtu akashika njia yake. Mimi nikarudi kwenye vyombo vya kwetu, zeze na ilimba, na baada ya miaka mingi nikaunda kikundi kidogo pamoja na akina mama wapigao muheme. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, wageni wakawa wengi, semina zikawa nyingi, na kila semina ikataka ngoma ya kufungulia. Nikadhani shida zimekwisha. Kumbe nilikuwa nimebadilisha chombo tu, mteja alikuwa yule yule.

Vijana wa hapa mnafahamu kwamba muheme kwa Wagogo hupigwa na akina mama, ngoma ikiwa imebanwa mapajani. Mteja mmoja alipowaona mama zetu wakishuka garini akanivuta pembeni: "Mzee, wapigaji wenyewe wako wapi? Tulitaka wanaume wenye nguvu." Nikamjibu: subiri. Walipoanza kupiga, madirisha ya ukumbi yalitikisika, naye akaja kuniomba niwaambie wapunguze nguvu.

Siku nyingine tuliwasha moto mdogo uani, kwa sababu ngozi ya ngoma isipopata joto hulegea na sauti yake huwa kama ya gunia. Mlinzi akaja mbio na ndoo ya maji. Akauzima moto, na kwa uangalifu mkubwa akazimwagia maji na ngoma pia, asije akalaumiwa.

Lakini la ilimba ndilo lililonifikisha kwenye jambo ninalotaka kulisema leo.

Ilimba ya Kigogo, kwa wasioijua, ni sanduku la mti lenye meno ya chuma yanayopigwa kwa vidole gumba. Usoni ina vitundu, na juu ya vitundu hivyo hubandikwa utando mweupe ambao buibui huhifadhia mayai yake. Jino likipigwa, utando hutetema, na sauti hutoka ikivuma kama nyuki walio mbali. Uvumi ule ndio roho ya chombo. Ilimba isiyovuma ni kama uji usio na chumvi wala sukari: unashibisha, lakini nani atauomba tena?

Basi katika ukumbi mmoja, fundi wa mitambo, kijana mwenye adabu sana, alisikiliza jaribio letu akakunja uso. Akaangalia nyaya zake, akabadilisha kipaza sauti, akabadilisha na kingine. Mwishowe akanijia: "Mzee, chombo chako kinakwaruza." Nikamwambia ndivyo kilivyo. Akatabasamu kwa huruma, kama mtabibu aliyezoea wagonjwa wabishi. Nilikwenda kunywa maji. Niliporudi, ilimba yangu ilikuwa inang'aa. Alikuwa amekwisha kuifuta kwa kitambaa, tando zote chini. "Sasa jaribu," akaniambia kwa furaha.

Fikirini, ndugu zangu. Hayati Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na zeze na ilimba zenye uvumi ule ule. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza, ya mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa muziki wake katika albamu iitwayo "Chibite". Waingereza walikuwa wameilipia sauti ile. Sisi, hatua chache kutoka alikozaliwa mwenyewe, tuliifuta kwa kitambaa.

Wala msidhani kwamba hadhira zisizoelewa ziko kwetu tu. Mwaka 1971, mjini New York, Ravi Shankar wa India alipanda jukwaani na sitari yake mbele ya maelfu ya watu, kuchangia waliopatwa na maafa ya Bangladesh. Yeye na wenzake walianza kwa kukaza nyuzi, kulinganisha sauti. Walipotulia, watu wakawashangilia kwa makofi mengi. Naye akawaambia kwa upole kwamba, ikiwa wamefurahia hivyo kukazwa kwa nyuzi, anatumaini upigaji wenyewe utawafurahisha zaidi.

Mpaka hapo mmecheka, na mimi nimefurahi kuwachekesha. Sasa naomba niwaambie jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Yule fundi wa mitambo sikumkasirikia. Nilimtazama akiwa na kitambaa mkononi na uso wa mtu aliyetenda wema, nikaona uso wangu mwenyewe.

Likizo ya Desemba mwaka 1974 nilikwenda kijijini kwa babu. Nilikuwa kidato cha pili, na kwapani nilikuwa na redio ndogo niliyoazimwa na mjomba. Nikaikuta ilimba ya babu imetundikwa ukutani, ina tando za buibui. Nami nilikuwa mwanafunzi niliyefundishwa usafi. Nikachukua kitambaa kibichi, nikaifuta mpaka ikang'aa, nikairudisha mahali pake.

Jioni wakaja wazee wenzake. Babu akaitungua, akapiga mara mbili tatu, akaacha. Akaigeuza, akaitazama. Akauliza: "Nani ameinyamazisha?" Nikajibu kwa fahari: "Mimi, babu. Nimeisafisha."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Wazee wale waliinamisha vichwa, wengine nadhani walikuwa wakizuia kicheko. Siku tatu babu alizunguka nyumba za watu akichungulia kuta, akitafuta utando wa kufaa, maana si kila utando unafaa. Alipoupata aliniita niketi karibu, anionyeshe namna ya kuubandika. Nikaketi, lakini redio ilikuwa imewashwa, na sikio langu lilikuwa Dar es Salaam.

Jioni hiyo alinifundisha wimbo mmoja. Wimbo ule una vipande viwili, kimoja huita na cha pili huitikia. Kipande cha kwanza nilikishika. Cha pili alikipiga, nami nilikuwa nikitafuta stesheni. Akaona, akanyamaza. Akasema: "Si kitu. Hicho utakichukua ukija tena." Nilipomaliza shule nikaingia kwenye bendi. Nilikuwa na shughuli nyingi za kulalamikia watu wasiosikiliza muziki wangu. Babu alifariki mwaka 1977.

Ule wimbo naupiga mpaka leo, nusu yake tu. Nimewauliza wazee wa Mvumi, nimewauliza wa Chamwino, hakuna anayekijua kipande cha pili. Wateja wanaupenda sana, kwa sababu ni mfupi.

Vijana wangu, ninyi mlio shuleni, hili ndilo nililotaka mlichukue. Mtu asiyesikiliza si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu mwema mwenye kitambaa mkononi na redio kwapani. Kusikiliza hufundishwa, kama hesabu, na anayefundishwa ni yule anayekubali kuketi na kuuliza: hiki kinachokwaruza kinakwaruza kwa nini?

Na ninyi wenzangu wa zamani, sasa nawageukia. Asubuhi hii tulipofika hapa Msalato, kikundi cha ngoma cha shule kilikuwa langoni kikitupokea. Walisimama juani tangu saa tatu. Mimi nilihesabu, ndiyo tabia yangu. Magari yalikuwa yanapita kioo kikiwa kimepandishwa. Waliokuja kwa miguu walikuwa wanakumbatiana, wanaulizana habari za watoto na viwanja. Mmoja wetu, simtaji kwa sababu ni rafiki yangu na ameketi safu ya pili, alimwambia msichana mwenye ngoma: "Mwanangu, pigeni taratibu kidogo, tunasalimiana." Yule binti akapunguza. Alikuwa anapiga vizuri sana, na hata mimi nilipita, kwa kuwa nilikuwa natafuta mahali pa kuweka ilimba yangu isipigwe na jua.

Nimemwuliza baadaye ule mpigo ameutoa wapi. Ameniambia ni wa bibi yake, na kwamba bibi anazeeka, vidole vinamwuma.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Najua chakula ni saa saba, na saa yangu inasema imebaki dakika tano. Pilau haina miguu, haitakwenda popote. Naomba vijana wale waingie humu ndani, kwenye kivuli. Naomba wapewe nafasi ya kupasha ngoma zao moto, na mlinzi aambiwe akae mbali na ndoo yake. Naomba tuwasikilize kwa dakika ishirini, vioo vikiwa vimeshushwa na simu zimezimwa. Wakimaliza, atakayekuwa na swali aulize.

Na wanapokaza ngozi, msipige makofi. Hapo watakuwa bado hawajaanza.