Mtungi Unaoua Viini Hausafishi Maji

 

Siku hizi kuna vyombo vya plastiki vilivyoandikwa kwamba vinaua viini. Huenda mama akajiuliza: nikinunua mtungi wa namna hiyo, bado nitie dawa kwenye maji? Ndiyo mama, tia. Sikiliza sababu.

Plastiki hiyo huchanganywa na chembe za madini, kama vile oksidi ya zinki. Chembe hizo ni ndogo mno, hazifiki hata sehemu moja ya 10,000 ya milimita. Kazi yake hasa hufanyika pale kiini kinapogusa plastiki. Lakini mtungi wa lita 20 una maji mengi yaliyo mbali na plastiki. Tena mtungi usipooshwa hufanya utelezi ndani. Utelezi huo hufunika plastiki, na viini hukaa humo.

Mwezi wa Aprili 2005 kipindupindu kilizuka katika kambi ya Kakuma. Watu 418 walitibiwa na 4 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliohifadhi maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa waliugua kidogo kuliko wengine. Kumbuka hilo mama: kifuniko.

Kwa hivyo, fanya hivi:

Kwanza, osha mtungi kwa sabuni, utikise vizuri, umwage, usuuze.

Pili, maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi.

Tatu, tia dawa ya klorini kama pakiti inavyoeleza, ungoje dakika 30. Ukikosa dawa, chemsha.

Nne, funika. Mimina maji, usichovye kikombe wala mkono.

Je, mtoto akihara? Zinki inayomsaidia ni vidonge vya zahanati, si ile ya mtungi. Mpe maji ya ORS mara kwa mara, endelea kumnyonyesha, na umpeleke zahanati apewe vidonge hivyo. Akilegea, macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, usingoje kesho.

Pesa ya mtungi wa bei ghali itoshe sabuni na dawa ya maji.