Kura Isigeuzwe Kodi ya Kichwa

Ndugu wasikilizaji, kila baada ya uchaguzi mkuu huzuka hoja ileile: itungwe sheria ya kumlazimisha kila raia kupiga kura, na asiyefika kituoni atozwe faini. Juma hili tuipime hoja hiyo.

Wanaoitetea wana sababu. Mwaka 2010 walioandikishwa nchini walizidi milioni 20, lakini waliopiga kura walikuwa kama milioni 8.6. Mshindi wa urais alipata takriban milioni 5.3, yaani karibu robo tu ya walioandikishwa. Australia iliweka shuruti mwaka 1924, na katika uchaguzi wa 1925 waliojitokeza walipanda kutoka chini ya asilimia 60 hadi zaidi ya 90.

Je, nasi tuige? Nasema hapana. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inaiita kura haki ya raia aliyetimiza miaka 18. Haki hulindwa, haisimamiwi kwa kirungu.

Chukueni mfano wa hapa kwetu. Mchimbaji mdogo ameandikishwa Kalangalala. Anasikia dhahabu imetoka Nyarugusu, anabeba sururu na kuondoka. Siku ya kura ikifika, jina lake liko Geita mjini, mwenyewe yuko duarani. Kama hakuwahi kuhamisha taarifa zake daftari lilipoboreshwa, kura yake imepotea. Huyu naye atozwe faini kwa kufuata riziki?

Wazee wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Mgambo walisaka stakabadhi mitaani, na wasio na fedha wakakimbilia porini. Faini ya kura itasakwa vivyo hivyo, na itamwangukia yuleyule mnyonge.

Tena, wapo wanaobaki nyumbani kwa sababu wamekata tamaa na wagombea, au hawaamini kuwa kura yao itahesabiwa. Ukimya wao ni ujumbe. Ukiwaswaga hadi kituoni, utapata idadi kubwa, lakini ujumbe utakuwa umeuzika. Dawa ni tume inayoaminika, uandikishaji unaowafuata watu machimboni, na vyama vinavyosimamisha watu wa maana.

Lakini wewe uliye karibu na kituo, unayekaa kijiweni ukisema kura haikuhusu, ujue diwani atapatikana tu, na mbunge atapatikana tu. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Tukutane juma lijalo.