Msafiri na Daftari Lake
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka, Salama)



Mmetuuliza kama ni haki mbuzi wa chama kuuzwa ili kijana apelekwe ng'ambo kusoma. Jibu letu ni habari ya Ham Mukasa wa Buganda. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Njia ya reli iliyowachukua hata Mombasa yapita hapa jirani, Kiu. Mfalme akaugua, sherehe ikaahirishwa toka Juni hata Agosti. Wageni hawakukaa bure: walizunguka mijini na viwandani, naye Mukasa akiandika aliyoyaona, akiyapima kwa mambo ya kwao ili watu wa nyumbani wafahamu. Kitabu chake kilitokea kwa Kiingereza mwaka 1904.

Basi twaomba sharti moja liandikwe: kila tumpelekaye atuletee barua, atueleze jinsi watu wa huko walimavyo, watunzavyo maji na wazee wao. Suti na picha ni zake. Maarifa ni ya chama. Msafiri asiyesimulia amekula mbuzi wetu peke yake.