Mwandishi Anamwambia Nani? Vitabu vya Kusoma Kabla ya Safari ya Berlin

Wanafunzi mnaosubiri viza za Ujerumani:

Safari yangu ya kwanza ya Berlin nilijiandaa kwa kitabu kimoja tu, mwongozo wa watalii. Nilishuka ndege nikizijua nauli za treni na saa za kufunguliwa makumbusho. Sikujua kwa nini behewa zima limenyamaza kama watu walio msibani, nikadhani wamenikasirikia mimi. Mwongozo haukukosea. Ulikuwa unasema na mtalii, na mtalii hauulizi mambo hayo.

Tangu siku hiyo, nikishika riwaya au tawasifu ya nchi niendayo, siulizi kwanza kama ni nzuri. Nauliza: huyu anamwambia nani?

Mchukueni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye wengi wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Tawasifu yake ya 1886 aliwaandikia Wajerumani. Ndiyo maana anafafanua, anajitetea, anasahihisha dhana za wenyeji wake, na hata utumwa anautafutia udhuru, kwani ni binti wa sultani anayesema. Mjerumani aendaye Zanzibar na aisome, kwa tahadhari. Kinachowafaa ninyi ni barua zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake cha 1924. Humo anamwandikia mwanamke mwenziwe wa Unguja, na sasa kinachohitaji kuelezwa ni Hamburg, mji wa Ujerumani alikohamia: baridi, vyakula, macho ya watu yanayomfuata, kisha ujane uliomkuta mwaka 1870 mumewe alipofariki kwa ajali ya tramu na kumwachia watoto watatu wadogo. Kwa mara moja, tunaoelezwa ni sisi, na Ulaya ndiyo ngeni.

Alfred Döblin hamwelezi mtu yeyote chochote. Alikuwa daktari akitibu watu wa mashariki ya Berlin, na riwaya yake ya 1929, Berlin Alexanderplatz, anaisimulia kama mtu anayezungumza na jirani zake. Matangazo ya biashara, vituo vya tramu, habari za hali ya hewa, machinjio: vyote anakumwagia kichwani. Mimi niliiweka chini mara mbili. Lakini kurasa za mwanzo msiziache. Franz Biberkopf anatoka gereza la Tegel, anapanda tramu kuingia mjini alikozoea, na hofu inamkamata hadi anaona mapaa ya nyumba kama yatateleza yamwangukie. Ikiwa mwenyeji kauogopa mji wake, wewe wa Tandika au Kisauni usione haya. Mitaa yake tu msiitafute. Vita viliibomoa, Ujerumani Mashariki ikajenga upya, na leo kinachowaelekeza watu kwenye uwanja wa Alexanderplatz ni mnara wa televisheni wa 1969.

Uwanja huohuo umo katika riwaya ya Jenny Erpenbeck ya mwaka 2015, Gehen, ging, gegangen. Richard, profesa mstaafu, anapita Alexanderplatz mahali ambapo Waafrika waomba hifadhi wamegoma kula. Hawaoni. Anakuja kuwaona jioni, kwenye televisheni. Hapa Wajerumani wanasema wao kwa wao, na wanaosemwa ni sisi. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi Waafrika wale wapo ili Richard apate kujifunza. Isomeni pamoja na kasoro hiyo, maana mtaalikwa chakula cha usiku na mtakaa nayo meza moja.

Döblin na Erpenbeck someni hapahapa, kabla ya kufunga mizigo. Barua za Salme zitieni begini bila kuzifungua, hadi mwishoni mwa Novemba, giza linapoingia saa kumi jioni.